Nani Atatunza Picha Yetu? Historia Fupi ya Kwaya na Kamera



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinawaeleza waasisi, walimu wa kwaya na safari zetu za uimbaji. Ukurasa huu unaeleza habari za mgeni aliyekaa nasi mazoezini tangu maandalizi ya Yubile yaanze, yaani kamera. Kamati iliamua tuwe na filamu ya kwaya. Kanisa halina idara ya video, hivyo kazi ilipewa mpigapicha wa kujitegemea, mmoja wa vijana wanaozunguka na kamera zao kati ya Migori na Homa Bay. Tangu hapo maswali hayajaisha. Kwa nini maandalizi ni marefu hivi? Kwa nini tumetia sahihi karatasi kwa ajili ya nyimbo ambazo mtu angezinasa kwa simu? Kwa nini fedha hazikutolewa zote kwa pamoja?

Majibu yamo katika historia. Nyimbo na picha za watu wetu zimerekodiwa kwa miaka mingi. Nyingine tunazo hadi leo na nyingine zimepotea. Ukiangalia sababu, mara nyingi haikuwa kamera mbovu. Jambo kubwa lilikuwa nani alibaki na kazi, aliandika nini juu yake, na walikubaliana nini kabla ya kuanza.

Kwanza kitabu, kisha sauti

Katika upande wetu wa ziwa, chombo cha kwanza cha kutunza neno la kanisa kilikuwa mashine ya uchapaji. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Kufikia mwaka 1913 palikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji pale Gendia. Neno lililochapwa liliweza kubebwa hadi Kamagambo na mbali zaidi, na likabaki hata msomaji wa kwanza alipofariki. Lakini karatasi hubeba maneno na noti tu. Jinsi sauti ya nne ilivyonguruma, au jinsi mama fulani alivyoanzisha pambio, karatasi haiwezi kusema.

Sauti zenyewe zilianza kukusanywa kwa wingi baadaye. Mwaka 1950, na tena mwaka 1952, Hugh Tracey alizunguka Kenya akirekodi nyimbo na ala za jamii mbalimbali, Waluo wakiwemo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, na sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Jambo la kutufaa sisi ni namna alivyofanya kazi. Kwa kila wimbo aliandika kadi: umeimbwa wapi, kwa lugha gani, na nani, kwa ala gani. Kwa sababu ya kadi hizo, kuanzia mwaka 2014 wahifadhi wa ILAM, wakishirikiana na mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya Tabu Osusa jijini Nairobi, waliweza kurudi Kenya na nakala za nyimbo hizo na kuzifikisha katika jamii zilikotoka. Sauti zilirudi nyumbani baada ya miaka zaidi ya 60. Kama kadi zisingeandikwa, leo zingekuwa sauti za watu wasiojulikana, na hakuna ambaye angejua azirudishe kijiji gani.

Makanisa nayo yalikuwa na studio zao. Mwaka 1963 redio ya Kilutheri ya Sauti ya Injili ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, Tanzania. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakichukua kituo kile cha Addis Ababa. Wenye kazi walijifunza siku hiyo kwamba mtambo mkubwa kuliko yote unaweza kukutoka mikononi asubuhi moja.

Filamu za Vugiri

Upande wa picha, kisa kinachotuhusu kilianza Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi mkubwa wa filamu kwa ajili ya Waafrika. Baraza la Kimataifa la Misheni lilikuwa nyuma yake, fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na waliosimamia kazi walikuwa L. A. Notcutt na Meja G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, akiba na maisha ya nyumbani. Picha zilikuwa kwenye mkanda na sauti kwenye sahani ya santuri, vikichezwa pamoja. Lori la sinema lilizipeleka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini.

Hii ilikuwa kazi ya shirika kamili, yenye bajeti, wataalamu na ripoti. Mwaka 1937 wasimamizi walichapisha hata kitabu kuueleza mradi wao. Lakini ukizitafuta filamu zenyewe leo, zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo zimo katika hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini wajukuu wao hawawezi kuwaona babu zao wakiwa vijana. Mradi ulipokwisha, hapakuwa na mtu katika vijiji vile aliyekabidhiwa nakala, wala haikuonekana kwamba wao ni watu wa kukabidhiwa.

Kijana mwenye kamera

Kwa miaka mingi baada ya Vugiri, kamera ilibaki mikononi mwa serikali na mashirika. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwaya kuonekana huko lilikuwa jambo la kusimuliwa kijijini mwaka mzima. Sisi wengine tulijulikana kwa kaseti za sauti zilizouzwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada.

Kilicholeta mabadiliko ni kanda ya VHS, iliyobuniwa Japani katikati ya miaka ya 1970 na kutufikia taratibu. Mtu mmoja aliweza kununua kamera, kujifunza mwenyewe, na kuanza kazi bila mwajiri. Huku kwetu shule yake ilikuwa arusi na matanga. Jamaa waliokuwa Nairobi, Mombasa au ng'ambo, ambao hawakuweza kufika mazishini, walitaka waone nani alihutubia na kaburi lilichimbwa wapi. Mpigapicha aliyeweza kusimama juani tangu asubuhi hadi udongo wa mwisho, asikose jambo, alipata jina na wateja. Kwaya zilipotaka video zilimwendea mtu huyo huyo.

Ndipo video za kwaya zikawa na desturi zake. Nyimbo hurekodiwa studioni kwanza. Kisha kwaya huvaa sare, huenda mahali penye mandhari, na huimba kwa kufuata sauti inayopigwa kwenye spika huku kamera ikinasa midomo na miondoko. Kwaya za Tanzania, Rwanda na Kenya zilijulikana hivyo Afrika Mashariki nzima, kwanza kwa kanda, kisha kwa DVD, na tangu YouTube ianzishwe mwaka 2005, kwa simu iliyo mkononi mwa kila mtu.

Tuwakumbuke hapa ndugu zetu wa Ambassadors of Christ wa Kigali. Mwezi Mei 2011, wakirudi kutoka Dar es Salaam, walipata ajali ya barabarani na wanakwaya watatu wakafariki. Tangu siku hiyo video walizopiga kabla ya safari ile hutazamwa kwa jicho lingine. Nyimbo zilizotengenezwa ili kuhubiri zimekuwa pia mahali pa kuwaona waliotutangulia. Hakuna kwaya inayojua ni lini video yake itageuka kuwa kumbukumbu ya namna hiyo.

Kwetu tumekosa hata nafasi hiyo kwa baadhi ya wapendwa wetu. Video ya kwanza ya kwaya hii ilipigwa na kijana aliyelipwa taslimu, bila karatasi yoyote. Alitupa kopi moja, kanda halisi akabaki nazo, kisha akahama mji. Kopi ile ilikaa kabatini, na unyevu wa ziwa ukailetea ukungu hadi haichezi tena. Hatumlaumu sana. Hakuna aliyemwambia kwamba kanda zile zilikuwa na thamani kwetu kuliko video iliyokamilika.

Mfano wa Lwala

Mfano mwema haupo mbali. Lwala ni kijiji cha Kamagambo Kaskazini, Kaunti ya Migori. Milton Ochieng' alipopata nafasi katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, hakuwa na nauli. Wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe hadi wakapata dola 900 za tiketi. Fred, mdogo wake, akamfuata baadaye. Wazazi wao wote wawili walifariki kwa UKIMWI, na vijana hao wakaamua kukamilisha ndoto ya baba yao ya kujenga kituo cha afya kijijini. Kilifunguliwa mwaka 2007.

Kazi hiyo ilifuatwa na kamera ya Barry Simmons, mwandishi wa habari wa televisheni kutoka Nashville. Filamu yake, "Sons of Lwala", ilitoka mwaka 2008, ikaonyeshwa sehemu mbalimbali za Marekani, na ikasaidia kuchangisha fedha za kituo. Leo shirika lililoanzia pale linahudumia watu wengi nje ya mipaka ya kijiji kile.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, filamu ilikuwa na jambo la kusema: deni la kijiji kwa mtoto wake na la mtoto kwa kijiji chake. Kila kilichopigwa kililenga hapo. Pili, mpigapicha alikaa na watu hadi akawaelewa. Hakuja siku moja, akapiga mandhari na kuondoka. Filamu ya shirika au ya kanisa hufaulu pale wenye habari wanapojua wanataka kusema nini, na mwenye kamera anapopewa muda wa kusikiliza.

Jinsi tulivyofanya safari hii

Siku ya kwanza mpigapicha wetu hakuja na kamera. Alikuja na swali: filamu hii ni ya nani kutazama? Tulitofautiana. Vijana walitaka video ya kusambaa mitandaoni, yenye droni juu ya ziwa na jua likizama nyuma ya vilima. Wazee walitaka kila mwanakwaya aonekane uso, hata wa safu ya nyuma. Mwalimu wa kwaya hakutaka wimbo wowote ukatwe. Mweka hazina alitaka kujua bei.

Tulikubaliana kwamba itatazamwa kwanza na watoto wetu wakati wa Yubile ijayo. Uamuzi huo ulibadilisha ratiba yote. Kazi ya kwanza haikuwa nyimbo, bali kuwaketisha waasisi waliobaki, kila mmoja nyumbani kwake, na kuwaacha waseme. Mpigapicha ndiye aliyesisitiza hivyo. Alisema ufuo wa ziwa unaweza kungoja hadi Agosti, lakini mama mwenye umri wa miaka 80 na kitu asiambiwe angoje.

Ya ufundi nayo tuliyaelewa polepole. Tulipiga video ufuoni Homa Bay mapema asubuhi kwa sababu mchana upepo huvuma kutoka ziwani na kuingia katika vipaza sauti kama mtu anayepuliza. Jua la adhuhuri juu ya sare nyeupe hufanya nguo ing'ae na uso uwe giza. Ndani ya kanisa hatukupiga msimu wa masika, maana mvua ikianguka kwenye mabati hakuna sauti ya kwanza wala ya nne itakayosikika. Na droni haikupaishwa mpaka kibali kilipothibitishwa, kwa sababu tangu kanuni za mwaka 2020 urushaji wa droni nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Karatasi tulizotia sahihi

Malipo yaligawanywa mara tatu: sehemu ya kuanzia, sehemu baada ya kupiga picha zote, na sehemu ya mwisho tukikabidhiwa kazi. Mpigapicha wa kujitegemea hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kamera ndiyo shamba lake, na kianzio ndicho mbegu, nauli na chakula cha msaidizi wake. Kumwambia mtu kama huyu afanye yote halafu "Mungu atafungua mlango" si imani, ni kumdhulumu mfanyakazi. Naye kwa upande wake, sehemu ya mwisho inamkumbusha kwamba wapo wanaongoja.

Tulikubaliana pia idadi ya marekebisho. Angetuonyesha kazi mara mbili, na kila mara tungempa orodha moja kutoka kwa mtu mmoja. Kwaya ya watu 40 ikimpigia mhariri simu 40, kazi haiishi.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaelekeza kwamba kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamishiwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamepatana vinginevyo. Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuwa na kitu chenyewe mkononi ni jingine. Kwa hiyo tuliandika waziwazi: filamu ni ya kwaya; picha ghafi zote, pamoja na zisizotumika, tunakabidhiwa; mpigapicha anaweza kutumia vipande kuonyesha ufundi wake kwa wateja; jina lake litaandikwa mwishoni mwa filamu; na anayepakia YouTube ni kwaya, kwa akaunti ya kwaya, isiyo ya mtu binafsi. Watunzi wa nyimbo nao wametajwa kwa majina, maana utunzi una haki yake.

Wazazi wa watoto wa kwaya ndogo walitia sahihi kwa sababu nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni taarifa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kanisa nalo haliko nje ya sheria. Hata pasipo faini, mtoto wa mwenzako ni amana.

Kazi iliyobaki ni yetu

Filamu itaonyeshwa leo, lakini hapo kazi ya kutunza ndiyo inaanza. Saa moja ya video ya kiwango cha juu yaweza kujaza gigabaiti 45, hivyo haikai kwenye simu ya katibu. Tumenunua diski mbili. Moja itakaa ofisini kanisani. Nyingine itakaa mji mwingine, ili moto au mwizi mmoja asichukue zote. Nakala ya tatu itawekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila mwaka, siku ya mkutano mkuu wa kwaya, diski zitafunguliwa mbele ya wanachama kuhakikisha kwamba zinacheza, kama mweka hazina anavyosoma hesabu.

Pamoja na diski kuna daftari. Hapo ndipo tunawahitaji. Baada ya ibada kutakuwa na meza karibu na mlango wa kaskazini, na picha za zamani za kwaya zimetandazwa juu yake. Tafadhali pitieni. Ukimtambua mtu, andika jina lake, kijiji chake, na mwaka kama unaukumbuka. Kama nyumbani una picha, kaseti au kanda, hata iliyoota ukungu, ilete. Itanakiliwa ikiwezekana, na utarudishiwa mali yako.

Nyimbo za mwaka 1952 zilirudi Kenya kwa sababu kuna mtu aliyejaza kadi. Filamu za Vugiri, zilizokuwa na fedha na lori, zimepotea karibu zote. Kwaya yetu haina fedha za Vugiri, lakini kalamu na daftari tunazo, na wanaoyakumbuka majina wangali wameketi nasi katika viti hivi.